Mpaka Makaa Yakauke

Lori lilikuwa limeshageuka. Lilikuwa tupu, na lori tupu lina kelele zake: minyororo inagonga mbao, mbao zinagonga chuma, kila kitu kinalalamika. Lilipita mbele ya ofisi ya msimamizi, likapita penye rundo la magogo ya kushikizia paa la mgodi, likaelekea langoni huku unga mweupe wa chokaa ukipukutika nyuma yake. Aliyekuwa anaendesha hakuchungulia nje. Nilichoona ni kisogo chake, na kola ya shati lililopigwa pasi iliyosimama wima.

Mama alikuwa mlangoni mwa banda. Viganja vyake viwili vilikuwa vimejaa vipande vya makaa, naye alivishika kama mtu anavyoshika maji aliyoyachota kwa mikono. Shangazi alisimama nyuma yake. Msimamizi wa mgodi alikuwa pembeni anaendelea kusema, maana yeye akishapanda kwenye maneno hakujua pa kushukia.

"Wifi," shangazi alisema taratibu, "lori linaondoka."

Mama alinitazama mimi.

"Mkimbilie."

"Nikamwambie nini?"

"Mwambie arudi. Nenda, Kiguu! Miguu hiyo ya kuzururia leo ifanye kazi ya nyumbani."

Nikatoka mbio.

Kiguu ndilo jina nililopewa na mama, kifupi cha kiguu na njia, kwa sababu tangu nilipoota ndevu sikukaa mahali nikazoea kitanda. Siku hiyo nilikuwa kijana wa kutosha kuwa na familia yangu, nami sikuwa nayo. Nilikuwa na mkoba tu. Nilirudi nyumbani kila mambo yaliponikwama huko njiani, nikabeba makaa miezi kadhaa, nikala nikashiba, kisha nikaanza tena kuitazama barabara. Lakini hadithi hii si yangu. Ni ya mama na makaa, na lazima nianze na makaa, kwa sababu asiyeyajua hataelewa Bwana Chokaa, mtu mzima na akili zake, alifanyaje alilolifanya.

Watu wakisikia makaa ya mawe hufikiria kitu kikavu na kigumu. Ya kwetu yalikuwa machanga. Rangi yake ilikuwa kahawia iliyokolea, na ukilivunja bonge ungeona ndani nyuzi za mti, mti uliokuwa mti kabla hajatembea mtu duniani. Yalitoka chini yakiwa yamelowa. Si kulowa kwa kunyeshewa, ni kulowa kwa moyoni. Karibu nusu ya uzito wake ilikuwa maji. Ukibeba bonge begani, likitoka linakuachia bega la baridi na doa kwenye shati, na harufu ya ubao uliokaa kisimani.

Kitu kama hicho ukikianika juani ukaenda zako kunywa chai, ukirudi unakuta takataka. Ngozi ya nje hukauka kwanza, na ikikauka hunywea. Tumboni maji bado yamejaa tele, tumbo halijapungua hata kidogo. Ni sawa na shati lililonywea kwa kufuliwa halafu likavaliwa na mtu mnene: vifungo vitakatika kimoja kimoja, na mwenye shati hana la kufanya ila kuacha kupumua. Basi makaa nayo hupasuka. Ufa wa kwanza ni mwembamba kama unywele, unafuata tabaka. Ukishafunguka huo, mwingine unakuja kukatiza. Bonge linakuwa vibamba, vibamba vinakuwa chenga, chenga zinakuwa vumbi, na vumbi la makaa halina mwenyewe. Ukilirundika linapata joto lenyewe kwa lenyewe mpaka linawaka moto bila kiberiti.

Kazi yote ya banda ilikuwa kuifanya ngozi isubiri tumbo.

Baba ndiye aliyelijenga banda hilo, refu, la mbao zilizopakwa lami, na madirisha ya mbao pande zote mbili. Ndani kulikuwa na vichanja vya fito, ngazi juu ya ngazi, na mabonge yakipangwa juu yake yasigusane, kama watu waliokosana. Siku za mwanzo yalifunikwa magunia yaliyolowekwa maji, ili hewa isiyavamie. Kisha magunia makavu. Kisha bila kitu, lakini dirisha limefunguliwa upana wa kidole, tena upande usio na upepo. Kila siku yanageuzwa. Mama alijua yaliyokauka kwa kuyagonganisha: yenye maji hutoa sauti nzito kama unagonga tumbo la mtu aliyeshiba, na makavu hulia kama vyungu. Akiwa na shaka, alilibandika bonge shavuni. Likiwa baridi, bado.

Baba alifia chini, ukuta wa makaa ulipomwangukia. Mgodi ukamwachia mama banda na nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma yake, kwa masharti kwamba mabonge yatoke mazima. Siku ile ile dada yake baba, shangazi yangu, alikuja kwa maziko na kifurushi cha nguo za kubadilisha mara moja. Hakuondoka tena. Mawifi hao wawili waligawana chumba kimoja, kioo kimoja na kazi moja, wakawa wanageuza makaa kutwa wakichambana.

"Wifi, hilo bonge umelilaza kifudifudi."

"Na wewe lako umelipakata. Litaanza kunyonya sasa hivi."

Mteja mkubwa wa mabonge alikuwa huyo Bwana Chokaa, mchoma chokaa mwenye tanuri upande wa pili wa bonde. Yeye chenga hakuzitaka hata bure, kwa sababu zinaziba njia za hewa na tanuri linakosa pumzi. Alikuwa mtu mrefu, mjane kama mama, mwenye haraka ya kila kitu: alikula amesimama, alikohoa anatembea, aliuliza swali huku ameshaanza kulijibu. Chokaa ilikuwa imemwingia hadi kwenye kope. Akisimama karibu na mama, aliyekuwa mweusi kwa makaa hadi ndani ya masikio, shangazi alicheka mpaka akashika kichanja.

"Mkipeana mikono tu, hapo katikati patakuwa kijivu!"

Bwana Chokaa hakukasirika. Alichagua mabonge yake mwenyewe, moja moja, na hapo tu ndipo haraka zake zilipoisha. Angeweza kulishika bonge moja kwa muda wa kunywa chai nzima, akiligeuza, akimuuliza mama hili na lile. Hata mimi nisiyekaa nyumbani niliona. Shangazi alikuwa ameanza kumwita shemeji zamani, kwa mzaha, naye akaitika bila mzaha wowote.

Aliposema, alisema mbele yetu sote.

"Mama Kiguu, mimi kuzungukazunguka sijui. Nimekaa peke yangu kiasi cha kutosha, nawe pia. Nataka nikuoe. Nyumba yangu ina nafasi, paa halivuji. Unasemaje?"

Mama alikuwa anapanga makaa mapya yaliyotoka kupakuliwa, mzigo mkubwa uliojaza vichanja vya upande mzima. Hakusimama. Aliliweka bonge alilokuwa nalo, akalifunika gunia lake, akalisawazisha pembe zote.

"Nitakujibu makaa haya yakikauka."

"Haya?"

"Haya haya."

Alitoka pale amefurahi kama mtu aliyeshakubaliwa. Makaa yalikuwa na muda wake, yeye aliujua. Wiki chache, hali ya hewa ikiwa nzuri. Alikwenda zake lori likiruka mashimo.

Wiki hizo zikapita. Akaja. Mama akagonganisha mabonge mawili, yakatoa ile sauti nzito.

"Bado."

Akaja tena. "Bado." Akaja hata siku ambazo hakuwa na safari, anasingizia tairi, anasingizia mvua. Bado. Mizigo mingine iliyoingia nyuma ikakauka ikachukuliwa, ule mmoja ukabaki umefunikwa. Shangazi akashindwa kuvumilia.

"Wifi, kuna watu wamebeba mimba na kuzaa, makaa haya bado yana maji. Yametoka mgodini au mtoni?"

"Kila makaa na tabia yake," mama alijibu.

Asubuhi moja niliamka mapema nikamkuta bandani na ndoo na kopo. Anachota, anamwagia magunia, anachota. Nilimuuliza kulikoni, akasema upande ule yanakauka mbio, yatapasuka. Mimi ujuzi wangu wa makaa ulikuwa wa kuokota, kipande huku kipande kule, kama shule yangu. Niliamini. Nikamsaidia hata kubeba ndoo.

Lakini jioni yake, tukiwa jikoni, yeye anashona gunia mimi natengeneza mkanda wa mkoba wangu, nilimwuliza kama Bwana Chokaa hamtaki.

Alivuta uzi.

"Namtaka."

"Sasa?"

"Shangazi yako atalala wapi? Nyumba hii ni ya banda, na banda limeandikwa jina langu. Nikiondoka mimi, na yeye nje."

"Muulize mwenyewe anaonaje."

"Ndiyo, nimuulize." Alikata uzi kwa meno. "Nimwambie, wifi yangu, uliyeacha kwenu ukaja kunifuta machozi, naomba ruhusa nimwache kaka yako. Swali hilo linatoka mdomoni kwa mlango gani? Wewe umetembea sana, nionyeshe."

Nikarudi kwenye mkanda wa mkoba wangu.

Siku chache baadaye, huko nyuma ya banda, nilimkuta shangazi amekaa juu ya ndoo ile ile, ameipindua chini juu.

"Unajua mama yako anafanya nini asubuhi?"

"Anazuia yasipasuke."

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyevaa viatu kinyume.

"Anazuia yasikauke, baba. Mimi namsikia akiamka. Nageukia ukutani, najifanya nimelala."

"Kwa nini usimwambie aende? Wewe unamtaka yule bwana kuliko hata yeye."

"Nikimwambia nenda, atasema namfukuza. Atasema wifi yangu kachoka nami, anataka banda la kaka yake. Atabaki hapa kwa kunionyesha kwamba hakwenda." Akapiga ndoo kwa kisigino. "Mwache na maji yake. Siku moja mkono utachoka."

Hivyo ndivyo walivyokaa, kila mmoja anamwogopa mwenzake kwa mapenzi, na kati yao mzigo mzima wa makaa unakaribia kukauka kila jioni, na kila asubuhi unaloweshwa upya. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba hakuna kinachochosha makaa kama mchezo huo. Yakinywea kidogo, yakavimba tena, yakanywea, yakavimba, ndani yanalegea. Kwa macho ni bonge zima. Kumbe linashikwa na desturi tu.

Siku ya mapumziko mgodi ulilala. Mama na shangazi walikwenda kumtazama mwanamke wa jirani aliyejifungua. Mimi nilikuwa barabarani kuulizia magari ya kwenda mbali, kama kawaida yangu. Upepo ulikuwa ule wa kiangazi, wa joto, unaokausha mate mdomoni.

Bwana Chokaa akaja. Alikuwa amebeba pipa la chokaa ya kupaka kuta za ofisi, akalishusha, akaona hakuna mtu, akaenda bandani kuutazama mzigo wake. Huo aliuita wake. Akayakuta magunia. Akayagusa, maji yakamtiririka vidoleni.

Sasa hapa ndipo lazima umwelewe. Yeye ni mtu wa chokaa. Katika kazi yake, jiwe likishachomwa, adui yake ni maji: tone likiliangukia linachemka, linavimba, linapasuka na kuwa unga. Maisha yake yote alikuwa analinda vitu visipate maji ili visipasuke. Moto aliujua tangu utotoni. Kukauka polepole hakuna aliyewahi kumweleza, maana makaa alikuja kuyachukua yakiwa tayari. Alipoona mzigo unaoshikilia maisha yake umefunikwa magunia ya maji, alifikiri kuna mtu mzembe, au paa linavuja na wale kina mama hawakuona. Roho ikamruka. Na sidhani kama hakufikiria pia kwamba yakikauka leo, jibu ni kesho.

Akayaondoa magunia yote. Akayakunja vizuri, moja juu ya moja, kama mashuka. Akafungua madirisha ya upande wa upepo, yote, mpaka mwisho. Kisha ya upande wa pili, upepo upate pa kutokea. Akaondoka kimya ili iwe furaha ya ghafla.

Tuliporudi jua lilikuwa limeshazama, tukaingia nyumbani moja kwa moja. Asubuhi mama alitoka na ndoo yake. Nilisikia ndoo ikianguka.

Banda lilikuwa linaongea. Sijapata kusikia tena sauti ile popote nilipopita. Ta. Ta-ta. Kimya kidogo. Ta. Kama watu wengi wamekaa gizani wanavuta vidole vilie. Mabonge yaliyokuwa na ukubwa wa kichwa cha mtu yalikuwa yamefunguka kama vitabu vilivyoachwa mvuani, na tulipokuwa tunayatazama mengine yalikuwa bado yanafunguka. Kibamba kinateleza kutoka kwenye kichanja cha juu, kinaanguka kwenye cha chini, kinavunja na kingine. Mama alinyoosha mkono akaligusa moja lililoonekana zima. Likabaki mkononi mwake vipande vipande.

Shangazi alikuwa ameshaona. Alinyoosha kidole kwenye mbao za dirisha. Juu ya lami nyeusi, penye kila komeo, kulikuwa na alama za vidole vyeupe.

"Shemeji huyo," alisema, na kwa mara ya kwanza neno hilo halikuwa na kicheko.

Hatukuwa hata tumefagia, lori likaingia. Akashuka mtu tusiyemjua. Alikuwa na uso wa rangi ya udongo, nyusi nyeusi, shati jeupe la pasi, viatu vinang'aa. Ilibidi atembee hatua kadhaa kwa haraka zake ndipo nikamtambua. Bwana Chokaa alikuwa amejisugua mpaka chokaa yote ikatoka, na chini yake kumbe kulikuwa na mtu wa makamo mwenye mikunjo ya kucheka.

"Mama Kiguu! Yamekauka au hayajakauka?"

Akaingia. Akasimama. Kibamba kikaanguka, ta, miguuni pake.

Bwana Chokaa aliinama akaokota kile kipande, akakitazama, akatazama vichanja, akatazama yale magunia aliyoyakunja. Nilimwona akielewa. Si jambo zuri kumtazama mtu mzima akielewa.

"Yalikuwa na maji," alisema. "Nikaona yanaharibika."

Msimamizi akatokea wakati huo huo, maana mgodini habari hutembea kuliko watu. Aliuliza nani kafanya hivi. Mama akafungua mdomo, lakini Bwana Chokaa alikuwa na haraka hata ya hilo.

"Mimi. Nilikuja jana hawapo, nikafungua. Wao hawana habari."

Msimamizi akapanda kwenye maneno. Mali ya mgodi, mtu wa nje, mzigo mzima, nani atakula hasara, mgodi si shamba la babu. Mwisho wake ni kwamba Bwana Chokaa asikanyage tena pale, mabonge akatafute kwingine, na kwa kuwa kina mama hawakuhusika banda litabaki kama lilivyo. Alimgeukia mama. "Sivyo? Wewe hukuhusika."

Mama alikuwa ameshika vile vipande mikononi. Akikaa kimya, amebaki na banda, na nyumba, na wifi yake ana pa kulala. Kimya tu. Hakutakiwa hata kusema uongo.

Bwana Chokaa alimwinamishia kichwa, akatoka, akapanda lori lake.

Basi nilipotoka mbio, nililikuta langoni. Mlinzi wetu wa lango alikuwa mtu wa kutafuta ufunguo kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza kuwa mlinzi, na asubuhi hiyo Mungu amjalie alitafuta kuliko siku zote. Nikadandia ngazi ya mlango.

"Mama anakuita."

"Kunitukana?"

"Sijui. Amesema urudi."

"Ana haki yake," alisema. "Nitukanwe." Akatia gia. Pale langoni hapakuwa na nafasi ya kugeuza, na kusubiri hakujua, basi akarudi kinyumenyume njia nzima, shingo imepinda nje ya dirisha, mimi nikining'inia, wachimbaji wa zamu wamesimama wanatutazama kama wanatazama ng'ombe anayetembea kwa mkia.

Mama alikuwa amekuja mpaka katikati ya uwanja kutupokea. Shangazi ubavuni, msimamizi nyuma. Alisubiri mpaka Bwana Chokaa akashuka. Kisha akamgeukia msimamizi, si yeye.

"Maji niliyatia mimi."

"Maji gani?"

"Ya kwenye magunia. Kila asubuhi, tangu mzigo ulipoanza kuwa mkavu. Umekaa humo mara mbili ya muda wake. Makaa ukiyafanya hivyo yanachoka. Huyu angefungua dirisha moja, yangepasuka. Asingefungua, yangepasuka siku ya kuyapakia. Yeye amefungua madirisha tu. Aliyeyaua ni mimi."

Msimamizi akashuka kwenye maneno, akabaki na swali moja.

"Ulikuwa unayatilia maji kwa sababu gani?"

Mama akatazama chini. Shangazi ndiye aliyelitoa jibu, mkono kiunoni.

"Na wewe, msimamizi! Mtu mzima una wajukuu. Hujui kwa sababu gani? Mwangalie huyo bwana alivyooga."

Wachimbaji wakaangua kicheko. Msimamizi alijikaza, akasema sheria ni sheria, banda limetoka mikononi mwa mama kuanzia siku hiyo, na nyumba pamoja nalo.

"Limetoka kwake," shangazi alisema. "Sawa. Mimi sikutia maji. Mimi nilikuwa nimelala, muulize. Sasa niambie nani mwingine hapa anajua kuyasikiliza makaa. Wewe? Haya, ingia ukayageuze, mimi nikakae ofisini."

Mama alimgeukia taratibu. "Ulikuwa unajua?"

"Wifi, kitanda chenyewe kinalia ukiinuka. Ningekosa kujua?"

"Na hukusema."

"Na wewe hukuuliza."

Walitazamana. Sijui waliambiana nini kwa macho. Yalikuwa ya kwao, ya miaka mingi ya chumba kimoja. Shangazi ndiye aliyekwepesha uso kwanza, akaufuta kwa mkono, ukabaki na mstari mweusi mpya juu ya mweusi wa zamani.

Bwana Chokaa alikuwa bado amesimama, kwa mara ya kwanza maishani mwake anasubiri.

"Ulifungua madirisha yote?" mama alimwuliza.

"Yote."

"Na magunia ukayakunja."

"Nisingeweza kuyatupa chini."

Mama akacheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, na vile vipande vikaanza kuvuja kati ya vidole vyake. Yule bwana hakujua kama naye acheke.

"Na jibu langu?" aliuliza.

"Si yamekauka?" mama alisema. Akafungua viganja, akayamwaga, akaipangusa mikono kwenye kanga yake.

Mama hakuondoka siku hiyo. Alikaa siku kadhaa kutusaidia kutandaza chenga uwanjani, nyembamba, zisije zikajipatia joto, na kumwonyesha shangazi vitu ambavyo shangazi alivijua tayari. Kisha akapanda lori na kitanda chake, kioo akakiacha.

Mama na Bwana Chokaa walikaa pamoja mpaka yule bwana alipokufa. Chokaa ilimharibu macho. Miaka ya mwisho mama ndiye aliyemshika mkono kwenda tanurini, naye akaendelea kutembea mbio vivyo hivyo. Msimamizi alimpiga marufuku mgodini, lakini mabonge yalimfikia kwa lori la mtu mwingine. Msimamizi mwenyewe alihamishwa. Mlinzi wa lango aliacha kazi akafungua duka la vibiriti na sabuni. Shangazi aliachiwa banda, akaliendesha hadi maji yalipoingia mgodini na kazi ikafungwa. Chenga za mzigo ule alizikanda na udongo, akazifinyanga madonge, akayakausha polepole kivulini na kuyauza kwa watu wa nyumba za chini. Hakuolewa. Banda lilipong'olewa mbao alihamia kwa mama, akapewa chumba cha mbele, wakawa wanagombana kila siku juu ya chumvi. Alikufa kabla ya mama, mama akafuata mwaka uliofuata. Mimi nilichelewa maziko yote mawili. Barua zilinifuata miji miwili nyuma yangu. Sasa ninakaa chumba cha uani kwa fundi viatu, karibu na stesheni, na kodi ninalipa kwa wakati.